Kipandauso changu kinasubiri shule ifungwe

Jumamosi ya kwanza ya likizo, miaka minne mfululizo, nimeilala gizani. Sio kulala kwa kupumzika, nasema kulala pazia limefungwa na juu ya pazia nimetundika kitenge, beseni liko chini ya kitanda, na watoto wanatembea kwa vidole maana wanajua sufuria ikianguka jikoni kwa mama ni kama imeangukia ndani ya kichwa. Na kila mara swali ni lile lile, mbona leo? Mbona sio Jumatano ile nilipokuwa na mitihani ya mikondo mitatu mezani sijaigusa, mtoto ana homa, umeme umekatika, na ofisini wanataka matokeo kabla ya saa 6 mchana? Jumatano ile nilikuwa mzima. Nilikuwa na nguvu hata sijui zilitoka wapi. Ijumaa jioni nikamaliza kila kitu, nikaagana na wenzangu, nikafika nyumbani nikaoga nikakaa kwenye kochi nikasema ahsante Mungu, na Jumamosi saa 4 asubuhi jicho la kushoto likaanza kugonga.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nafundisha baiolojia, na kipandauso ninacho tangu nina miaka 14. Leo naandika kwa sababu nimechoka na neno moja, "punguza mawazo". Kwetu mtu akiwa na stresi tunasema ana mawazo, yaani neno lenyewe linaiweka stresi kwenye kufikiri, kama vile ukiamua kuacha kufikiria nayo inaisha. Kwa hiyo ukisema kichwa kinakuuma kila baada ya wiki mbili mtu anakuangalia kwa huruma, pole mwalimu, unawaza sana, sali ulale mapema. Shangazi yangu ambaye nampenda na najua ananipenda aliniambia kwenye simu, "Mwanangu, usiibebe dunia kichwani." Nilikaa na hayo maneno siku nzima. Maana ukiyafuata mpaka mwisho yanasema naumwa kwa sababu sijui kuishi, wenzangu wanabeba mizigo hiyo hiyo na hawaumwi, basi kasoro iko kwenye moyo wangu. Na sio kweli jamani, na nataka nieleze kwa nini sio kweli, maana najua kuna watu huko wamelala gizani saa hizi na wanajilaumu.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa nacho. Aliishi Pangani, na mama ananisimulia kwamba kukiwa na harusi bibi ndo anasimamia mapishi, siku tatu hakai chini, moshi, kelele, wageni, deni la mchele, na haumwi. Siku ya nne wageni wakishaondoka na maturubai yakishakunjwa anajifunga leso kichwani kwa nguvu mpaka inaacha alama kwenye paji la uso, anaingia ndani, na hakuna wa kumsemesha. Watu walisema ni husda za shughulini. Mama mwenyewe alikuwa anaamini hivo, na simlaumu, maana ukiangalia kwa macho tu inaonekana kweli, mtu katoka kwenye watu wengi akiwa mzima alafu kaanguka. Mimi nilipoanza kuumwa sikuambiwa husda, niliambiwa malaria. Nimechomwa sindano na nimemeza dawa za malaria mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, wakati mwingine kipimo kinasoma hasi kabisa na bado napewa, maana mtu wa kwetu akiwa na kichwa na anatapika basi jibu lipo tayari. Siku ya tatu kichwa kinaisha chenyewe, maana kipandauso kwa kawaida hukaa kati ya saa 4 na saa 72, na sifa zote zinaenda kwa dawa ya malaria.

Mwaka juzi nikachukua kaunta buku nikaanza kuandika. Kila usiku kabla ya kulala mistari michache tu, leo presha ya kazi ilikuwa ngapi kati ya 0 na 10, nimelala saa ngapi nimeamka saa ngapi, nimekula au nimeruka, chai na kahawa, siku za hedhi, na kichwa kikiuma naweka alama nyekundu. Miezi mitano baadae nikaifungua nikaanza kuangalia kama ninavyosahihisha mtihani, na nikaona kitu ambacho kilinifanya nikae chini. Namba zilikuwa zinaenda hivi, 8, 8, 9, 8, 2, alafu nyekundu. Tena huko mbele 7, 9, 9, 3, nyekundu. Wino mwekundu haukuwa umekaa kwenye 9. Ulikuwa umekaa pale namba ilipoanguka.

Nikaanza kutafuta, na kumbe kitu hiki kina watu waliokipima. Mwaka 2014 watafiti wa Albert Einstein College of Medicine na kituo cha maumivu ya kichwa cha Montefiore huko Bronx, New York, wakiongozwa na Richard Lipton, walitoa matokeo yao kwenye jarida la Neurology. Walichukua watu 17 wenye kipandauso, wachache ndio, ila wakawafuatilia kwa miezi 3 kila siku na shajara za kielektroniki, kwa hiyo walipata kurasa zaidi ya 2,000 na mashambulizi 110 ya kuchambua. Kiwango cha stresi cha siku yenyewe hakikutabiri sana kichwa. Kilichotabiri ni stresi kushuka kutoka jioni moja hadi jioni ya pili, na hatari ilikuwa kubwa zaidi kwenye saa 6 za mwanzo baada ya kushuka, karibu mara 5. Nilisoma hiyo sentensi nikamkumbuka bibi na leso yake.

Sasa niruhusuni niingie darasani kidogo, maana hii mada naifundisha kila mwaka na sikuwahi kuiunganisha na kitanda changu.

Mwili ukiona tatizo, liwe simba liwe matokeo yanayotakiwa saa 6, una njia mbili za kujibu na zote zinaanza kwenye sehemu moja ndogo katikati ya ubongo inaitwa hipothalamasi. Ni ndogo kama punje ya karanga ila ndo inayosimamia usingizi, njaa, kiu, joto la mwili, homoni za uzazi, karibu kila kitu ambacho hukiamui wewe. Njia ya kwanza ni ya haraka, inapita kwenye neva mpaka kwenye tezi zilizokaa juu ya figo, adrenalini inamwagika, moyo unakimbia, misuli ya shingo na mabega inakaza, sukari inapanda kwenye damu, na tumbo linaambiwa lisubiri. Njia ya pili ni ya polepole, hipothalamasi inatuma homoni kwa tezi ya pituitari iliyo chini yake, pituitari inatuma homoni nyingine kwenye damu mpaka zile zile tezi za juu ya figo, na zenyewe zinatoa kotisoli. Kotisoli watu wanaisema vibaya sana mitandaoni kama vile ni sumu, ila ni homoni ya kazi, bila hiyo hata kuamka huamki, kila siku inapanda asubuhi na kufika juu kabisa kama nusu saa hivi baada ya kufungua macho. Na mojawapo ya kazi zake ni kutuliza uvimbe na kuzuia mwili usijijibu kupita kiasi.

Kwa hiyo wiki ya kusahihisha mitihani mimi nina kotisoli na adrenalini za kutosha, na mwili ukiwa kwenye hali hiyo hata maumivu unayasukuma pembeni, ndo maana mchezaji anavunjika kidole uwanjani anajua baada ya filimbi. Filimbi ikilia, kile kifuniko kinaondoka. Lipton na wenzake walilieleza hivo kama dhana yao, kwamba kotisoli inapanda wakati wa stresi na inapunguza maumivu, na ikishuka inamwachia mlango yule aliyekuwa anasubiri nje. Mimi kama mwalimu nasema ni dhana, ila ni dhana inayofanana na daftari langu.

Alafu kuna huyo anayesubiri nje. Huwezi kuelewa kwa nini mwenzio anatoka kwenye wiki ile ile ya mitihani anaenda harusini anacheza na wewe uko na beseni, mpaka uelewe kwamba ubongo wenye kipandauso hauko sawa na mwingine hata siku ambayo hauumi. Wamepima kwa kuwaonyesha watu mwanga au mchoro unaobadilika badilika, au kuwasikilizisha sauti ile ile tena na tena. Ubongo wa kawaida unazoea, jibu lake linapungua, kama unavyoacha kusikia saa ya ukutani. Ubongo wa mtu wa kipandauso kati ya shambulio na shambulio mara nyingi hauzoei hivyo, unaendelea kujibu kama vile ndo mara ya kwanza. Fikiria hilo kwenye darasa la watoto 70. Fikiria kengele, viti vinavyoburutwa, mwanga wa saa 7 mchana unaopiga kwenye bati la jirani. Wenzangu ofisini wameshaacha kusikia, mimi bado nasikia, na sio kwa kupenda, na hakuna sala ya kulala mapema itakayobadilisha hilo kwa usiku mmoja.

Na mabadiliko ndo ubongo huu unayoyachukia, mabadiliko ya aina yoyote. Usingizi ukipungua tatizo, ukizidi tatizo. Homoni ya estrojeni ikishuka siku chache kabla ya hedhi, tatizo, na ndo moja ya sababu wanawake tunaumwa karibu mara 3 ya wanaume. Chakula kikichelewa. Kahawa ikikatwa ghafla. Sasa angalia Jumamosi ya likizo inafanya nini, kwa siku moja nimelala mpaka saa 3 asubuhi badala ya kuamka saa 11, kwa hiyo kifungua kinywa kimechelewa saa 4 nzima, kahawa ya mapumziko ya shuleni haipo, na stresi imetoka 8 mpaka 2. Nilikuwa naiita siku ya kupumzika, na mwili wangu ulikuwa unaiona kama tetemeko.

Kichwa chenyewe kikianza kinapita kwenye neva inayoitwa trijemino, ina matawi matatu kila upande, moja linaenda kwenye jicho na paji la uso, moja shavuni, moja kwenye taya. Ikiamka inatoa kemikali mojawapo inaitwa CGRP, mishipa ya damu inatanuka, utando unaofunika ubongo unakuwa mbichi kama kidonda na kila pigo la moyo unalisikia. Mwaka 2021 wanasayansi wanne, Lars Edvinsson, Peter Goadsby, Michael Moskowitz na Jes Olesen, walipewa tuzo ya Brain Prize kwa kuifuatilia njia hii, na dawa mpya za kuzuia CGRP zilitoka humo. Mimi nikiona jina la neva ile na matawi yake nafikiria wazee wetu walioita ugonjwa huu kipandauso. Hawakuwa na mashine, walisikiliza tu mgonjwa anasema kimepandia wapi.

Ila kilichonigusa kuliko vyote ni kazi moja ya Hamburg, Ujerumani. Laura Schulte na Arne May walimpiga mgonjwa mmoja wa kipandauso picha za ubongo kila siku kwa siku 30, hawakusubiri aumwe, wakayakuta mashambulizi matatu njiani. Matokeo yalitoka mwaka 2016. Hipothalamasi ilikuwa imeshabadilika siku nzima kabla ya maumivu kuanza. Yaani ile ile punje inayoendesha stresi ndo ilikuwa ya kwanza kuonyesha kwamba kichwa kinakuja.

Hilo likanirudisha kwenye daftari kwa macho mengine. Maana siku moja kabla ya alama nyekundu kulikuwa na mambo nilikuwa nayaandika kama sababu. Nimegombana na binti yangu kuhusu vyombo. Nimekula ubuyu na kashata mpaka tumbo limejaa. Nimepiga miayo kipindi chote cha mwisho, shingo ngumu, nimeenda chooni mara nyingi. Nilikuwa najiambia unaona, umekasirika, umekula sukari, umejiletea mwenyewe. Kumbe miayo, hamu ya vitu vitamu, shingo kukaza, hasira za karibu, kukojoa mara kwa mara, hizo zote zinajulikana kama dalili za awali, zinaweza kuanza siku moja au mbili kabla ya maumivu. Hipothalamasi imeshaanza. Inawezekana kabisa sikuumwa kwa sababu niligombana, niligombana kwa sababu kichwa kilikuwa kimeshaanza bila mimi kujua. Sisemi kila ugomvi ni ugonjwa, tafadhali, ila nilimwita binti yangu nikamweleza, nikamwomba msamaha kwa mara nyingi ambazo sikujua, na sasa ananiambia yeye, mama leo unapiga miayo.

Kuna kitu kingine kizito zaidi na hapa nawasemesha wale ambao vichwa vyao vimeongezeka mwaka hadi mwaka. Stresi na kipandauso vinazungushana. Stresi inaleta shambulio, shambulio lenyewe ni stresi kwa mwili, siku unazopoteza zinazalisha kazi ya kulipia, hofu ya shambulio lijalo inaufanya mwili ukae macho, na mwili haurudi pale ulipoanzia. Mwaka 2012 David Borsook na wenzake, akiwemo Bruce McEwen aliyetumia maisha yake kuchunguza stresi, waliandika kwamba kipandauso kinaweza kutazamwa kama ugonjwa wa mfumo wa stresi uliochoka, mfumo uliotengenezwa kuulinda mwili unaanza kuuchakaza kwa kuitwa mara nyingi mno bila kupumzika. Nikisoma maandishi kama haya naona watu wanaosema mwili, hawasemi tabia.

Mimi nilifika huko kwenye kuongezeka. Kulikuwa na muhula ambao naumwa siku nyingi kuliko ambazo siumwi, na dawa nilikuwa nanunua dukani bila kuuliza mtu, vidonge viwili asubuhi ili nisiwe na kichwa darasani, yaani nameza kwa kuogopa. Rufaa ikanipeleka kwa daktari mmoja wa mishipa ya fahamu, mama mtu mzima, mpole, hakunipima malaria. Akaniuliza, "Mwalimu, kwa mwezi unameza dawa za maumivu siku ngapi?" Nikafungua daftari nikahesabu mbele yake, 18. Akatikisa kichwa taratibu akanieleza kwamba dawa za kawaida kama parasetamoli na aspirini ukizimeza siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi 3 mfululizo, zenyewe zinaanza kuleta kichwa, na zile zilizochanganywa au zenye kodeini, na triptani pia, zile dawa za kukata kipandauso chenyewe, ni siku 10 tu. Tulianza kuziacha. Wiki ya kwanza sitaki hata kuikumbuka, kichwa kilikuja kila siku, ila ya tatu nikaanza kuona siku nyeupe kwenye daftari.

Alinieleza pia kwamba kuna dawa za kuzuia, unazomeza kila siku ili mashambulizi yapungue, na moja inayotumika sana ni propranolo, ambayo kazi yake ni kuizuia adrenalini isishike moyo na mishipa. Nilifurahi, nikaona ndo yenyewe. Ila nina pumu, na hiyo mtu wa pumu hapewi, kwa hiyo nikaandikiwa amitriptilini kidogo, miligramu 10 usiku. Duka la dawa yule kijana aliisoma karatasi akaniangalia, maana kwa kiwango kikubwa ni dawa ya sonona, nikaona anataka kuuliza. Nikamwambia ni ya kipandauso mdogo wangu. Akasema hakujua. Sasa anajua.

Na ile ya tumbo kusubiri, naomba muikumbuke maana imenisaidia sana. Wakati wa shambulio tumbo linapunguza kasi ya kumwaga chakula, kwa hiyo kidonge ulichomeza umeshazidiwa kinakaa pale pale, kinasubiri, mara unakitapika. Ndo maana daktari alisema nimeze mapema, mwanzo kabisa wa maumivu, na akaniongezea dawa ya kichefuchefu ya kutangulia nayo. Kujikaza mpaka kengele ya mwisho ndo ulikuwa ushujaa wangu wa miaka yote na ulinigharimu.

Sasa nafanyaje. Kazi siwezi kuacha, watoto 70 hawapungui, kwa hiyo nimeacha kupigana na ile 8 na nikaanza kuishughulikia ile safari ya kutoka 8 kwenda 2. Nashuka kwa ngazi. Jumamosi naamka saa 11 kama siku ya shule, hata kama sina pa kwenda, nakunywa chai na kula kitu muda ule ule, kahawa kikombe kile kile saa ile ile, na mchana nikitaka ndo najilaza dakika 20. Alhamisi na Ijumaa za wiki ngumu naanza kupumzika kabla kazi haijaisha, nafunga mlango wa maabara mapumzikoni, navuta pumzi taratibu, naitoa taratibu zaidi, nakaza mabega naachia, nakaza taya naachia, dakika 10. Inaonekana kitu kidogo sana na nilikuwa naidharau. Ila mazoezi ya kulegeza misuli na kupumua yamechunguzwa kwa miaka mingi kwenye kipandauso na yanapunguza mashambulizi, sio kwa sababu yanaondoa mawazo, ni kwa sababu yanaushusha ule mfumo kidogo kidogo wakati bado uko juu, usije ukaanguka wote kwa mara moja.

Ramadhani ni somo lake. Kichwa cha siku ya kwanza ya mfungo kinajulikana kabisa, na kwa mtu wa kipandauso njaa, kiu, kahawa iliyokatika na usingizi uliokatwa na daku vinakuja pamoja. Mimi naanza kupunguza kahawa wiki mbili kabla, robo kikombe kila baada ya siku chache, daku siiachi hata nikiwa sina hamu, na daktari alipanga dawa yangu ya kuzuia iwe baada ya futari. Mwaka ambao nilikuwa vibaya nilimuuliza shekhe wa mtaani kwetu akanijibu bila kusita kwamba mgonjwa ana ruhusa yake. Waulizeni wenu, msiteseke kimya.

Kuna vichwa ambavyo sio vya kusubiri na daftari. Kikija ghafla kama umepigwa rungu, ndani ya dakika moja kimefika mwisho wa ukali, nenda hospitali hapo hapo. Kichwa na homa na shingo haikunji, nenda. Mkono au mguu umeishiwa nguvu, mdomo umepinda, umechanganyikiwa, nenda. Mjamzito mwenye kichwa kikali na macho yanaona ukungu, nenda leo. Kichwa kipya kilichoanza umeshavuka miaka 50, kikaangaliwe. Na homa kwenye nchi yetu ipimwe malaria, sijasema isipimwe, nimesema kipimo kikisoma hasi tuamini kipimo. Na dada zangu mnaoona vimulimuli au zigizagi za mwanga kabla ya maumivu, mwambieni hivyo anayewapa vidonge vya uzazi wa mpango, maana vile vyenye estrojeni vinaongeza hatari ya kiharusi kwenu na zipo njia nyingine.

Mwezi wa 6 mwaka huu tulipofunga shule nilifanya kitu ambacho wenzangu walikishangaa. Ijumaa nilikuwa naweza kumaliza mitihani yote, nikabakiza 20 makusudi. Nikaenda nazo nyumbani. Jumamosi nikaamka saa 11, chai na mihogo, nikakaa barazani nikasahihisha 12, taratibu, ndege wanalia. Jumapili zile 8 zilizobaki. Kwenye daftari presha iliandikwa 8, 5, 4, 3. Shangazi alipiga simu akauliza kichwa vipi, nikamweleza habari ya kushuka kwa ngazi, akanyamaza kidogo akasema, "Kumbe mama yetu tungemwachia vyombo vichache aoshe polepole." Sikujua nimjibu nini. Nilisema ndio shangazi.

Jumatatu jioni kichwa kilikuja. Sitawadanganya. Miayo ilianza saa 9, binti akaniambia, nikatangulia na ile ya kichefuchefu, jicho lilipoanza tu kugonga nikameza aspirini, nikafunga pazia. Miaka mingine ingekuwa mpaka Jumatano. Mara hii kilidumu saa 5 tu. Usiku nikatoka chumbani nikamkuta binti yangu anapita koridoni kwa vidole amebeba viatu mkononi, nikamwambia vaa tu mwanangu, tembea kawaida.